Nisome uzamili wa jiosayansi wakati kila mtu anasema mafuta yanaisha?

Swali: Nina shahada ya kwanza ya jiolojia. Kwa sasa niko kwenye mtambo wa kuchoronga, nachunguza vipande vya mwamba vinavyopanda juu na tope. Nataka kusoma uzamili ili nihamie kwenye kazi ya kutafsiri data za chini ya ardhi katika kampuni za nishati. Nimeona kozi za jiosayansi ya petroli (yaani mafuta na gesi), na nyingine zina majina mapya kama jiosayansi ya nishati au uhifadhi wa hewa ukaa. Wenzangu wananiambia nitapoteza muda kwa kuwa mafuta yanaisha, na mwalimu wangu wa zamani ananishauri niunganishe hadi uzamivu. Hesabu si nguvu yangu. Nifanyeje?

Jibu: Nenda ukasome, ila kwa sharti moja. Kozi utakayoichagua ikukalishe miezi kadhaa mbele ya data halisi za chini ya ardhi, zenye mapengo na kelele zake, halafu ikulazimishe kutoa uamuzi na kuutetea mbele ya watu wanaojua. Kozi isiyofanya hivyo itakupa cheti na jina zuri, basi. Mengine yote uliyoniuliza, yaani petroli au hewa ukaa, mwaka mmoja au miwili, naona yanakuja baada ya hilo.

Sababu yangu utaielewa ukiiona kazi yenyewe kwa karibu. Ninapokaa kwenye jopo la usaili, huwa napenda kumwekea mwombaji mstari mmoja wa data za mitetemo, yaani picha ya chini ya ardhi inayotokana na mwangwi wa mawimbi yanayopigwa kutoka juu, na logi za kisima kimoja, yaani vipimo vilivyochukuliwa ndani ya kisima, kisha namwachia muda. Tuseme kwenye kina tunachokilenga mawimbi yanasafiri mita 3,000 kwa sekunde, na yanatikisika mara 30 kwa sekunde. Gawanya, unapata urefu wa wimbi wa mita 100. Robo ya hapo, mita 25, ndio takriban unene wa mwisho ambao data hizo zinaweza kukutenganishia dari ya tabaka na sakafu yake. Sasa logi za kisima zinasema mchanga wenye gesi una unene wa mita 12. Maana yake mwangwi wa dari na mwangwi wa sakafu umeungana, na kwenye mitetemo unaona kitu kimoja tu. Tena tabaka linapokaribia ile robo ya wimbi, mwangwi huo hung'aa kupita kawaida kwa sababu mawimbi mawili yanasaidiana. Asiyelijua hili ataona mng'ao, atapima umbali kati ya dari na sakafu kwenye picha, na atachora ramani ya mchanga wa mita 25 mahali penye mita 12. Gesi ameshaizidisha mara mbili, na hakuna kompyuta iliyomwonya.

Upande wa pili kuna logi. Chombo kinachoshushwa kisimani kwa kebo huchukua kipimo kila baada ya sentimita 15 hivi, kwa hiyo zile mita 12 kinazisoma vizuri mno. Lakini kinazisoma mahali pamoja, na hakioni mbali ndani ya mwamba. Ukienda kilomita 3 kutoka kisimani, umebaki na mitetemo peke yake. Kwa hiyo mtafsiri wa data anaishi kati ya kipimo kinachofika mbali bila kuona vitu vyembamba na kipimo kinachoona vitu vyembamba bila kufika mbali. Anatakiwa aseme mchanga upo kiasi gani, ana uhakika kiasi gani, na ni data ipi ikinunuliwa itapunguza shaka kabla fedha za kisima hazijatumika. Kampuni inamlipa kwa uamuzi huo. Mwombaji anayesema "sina hakika, ila kwa sababu hizi na hizi naegemea hapa" ananivutia kuliko yule aliyechora ramani ya rangi nzuri isiyo na shaka hata moja.

Turudi kwa wenzako wanaosema mafuta yanaisha. Kwenye uwanja wa Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei, tangu 1996 hewa ukaa inayotenganishwa na gesi asilia imekuwa ikisukumwa kwenye mchanga unaoitwa Utsira, na kwa miaka mingi ilikaribia tani milioni 1 kwa mwaka. Eneo lilipigwa mitetemo mwaka 1994 kabla ya kuanza, kisha upimaji ukarudiwa tangu 1999 ili kulinganisha picha. Hewa ukaa ilionekana imepanda na kutandaa chini ya tabaka nyembamba za mwamba wa tope, ikafanya matabaka 9 yaliyopangana. Mengi kati ya hayo ni membamba kuliko robo ya wimbi. Kilichoyafanya yaonekane ni ule ule mng'ao wa mawimbi mawili yanayosaidiana, na kilicholeta ubishi mkubwa ni swali lile lile: unene wake ni mita ngapi hasa, na je, hewa yote tuliyoisukuma tunaweza kuionyesha ilipo?

Unaona ninakoelekea. Hesabu uliyoifanya ya mchanga wa gesi ndiyo unayoifanya kwenye mchanga wa hewa ukaa. Mtego unaoshika mafuta kwa mamilioni ya miaka una mwamba wa kuhifadhi, mwamba usiopitisha juu yake, na mipasuko ambayo huenda inavuja au haivuji. Anayetaka kufukia hewa ukaa anatafuta vitu hivyo hivyo, akiongeza sharti la kina: kwa kawaida chini ya mita 800 hivi, ambako joto limepita nyuzi 31 na mgandamizo umepita baa 74, hewa ukaa hubanana na kuchukua nafasi ndogo sana. Haidrojeni inayohifadhiwa kwenye mapango ya chumvi nayo inahitaji mtu anayejua chumvi inavyojikunja chini ya ardhi, na watafutaji wa mafuta wameichunguza chumvi hiyo kwa undani. Ndiyo maana nakushauri usome chini ya ardhi, na tasnia uiache ijipange yenyewe.

Lakini nisikudanganye kwamba kila kitu kinahama bila gharama. Jotoardhi ni ulimwengu wake. Mtu aliyekulia kwenye mchanga na mitetemo akipelekwa kwenye mfumo wa volkano atakuta mwamba umepasukapasuka, mitetemo haina picha ya kueleweka, na kipimo kinachotegemewa ni ukinzani wa umeme, mara nyingi kwa njia ya magnetoteluriki, yaani kupima mawimbi ya asili ya umeme na sumaku yanayopenya ardhini. Kinachotafutwa kwanza ni kofia ya udongo wa mfinyanzi iliyo juu ya mfumo, ambayo inapitisha umeme vizuri. Joto likizidi, madini ya udongo huo hubadilika na ukinzani hupanda tena, kwa hiyo sehemu yenye joto kali zaidi inaweza kuwa chini ya ile inayong'aa kwenye ramani. Anayechoronga kwa kufuata mng'ao tu atapiga kofia. Kama moyo wako uko kwenye jotoardhi, tafuta kozi inayoifundisha kwa kina, usiridhike na mihadhara miwili iliyobandikwa mwishoni mwa kozi ya petroli.

Somo jingine ninalolisisitiza ni mekanika ya miamba, yaani jinsi miamba inavyobanwa, inavyopasuka na inavyosogea. Uwanja wa gesi wa Groningen, Uholanzi, uligunduliwa mwaka 1959. Gesi ilivyotolewa, mgandamizo ulishuka, mwamba ukajibana, na mipasuko ya zamani ikaanza kusogea. Tetemeko la Huizinge mwaka 2012 lilifika ukubwa wa 3.6, majengo yakaharibika, na hatimaye uzalishaji ulisimamishwa mwaka 2023 ingawa gesi nyingi ilikuwa bado imebaki chini. Basel, Uswisi, mwaka 2006, waliokuwa wakisukuma maji kwenye mwamba wa moto ili wapate jotoardhi walisababisha tetemeko la 3.4, na mradi ukafa. Mmoja ulikuwa wa gesi, mwingine wa nishati safi, na miamba haikujali tofauti. Ukipewa nafasi ya kuchagua somo moja la hiari, chukua hilo. Wahitimu wengi wanalikimbia kwa sababu ya hesabu zake, na hapo ndipo nafasi yako ilipo.

Kuhusu ajira zenyewe nitasema wazi. Sehemu kubwa ya waajiri wa fani hii bado ni wa mafuta na gesi: kampuni zinazomiliki vitalu, kampuni za huduma zinazowapimia na kuwachorongea, na washauri wadogo wadogo. Kazi za hewa ukaa na haidrojeni zipo, ila ni chache, na nyingi ziko ndani ya kampuni zile zile. Ajira za mafuta nazo hupanda na kushuka na bei. Katikati ya mwaka 2014 pipa la Brent, mafuta ya Bahari ya Kaskazini yanayotumiwa kama kigezo cha bei, lilikuwa juu ya dola 110, na Januari 2016 lilishuka chini ya dola 30. Waliohitimu katikati ya hapo walikuta milango imefungwa na watu wenye uzoefu wamejaa sokoni. Tarehe 20 Aprili 2020 bei ya mkataba wa mafuta ya Marekani ilianguka chini ya sifuri kabisa. Huwezi kupanga masomo yako kwa kubahatisha bei ya miaka miwili ijayo. Hata wanaolipwa kubahatisha hawaipati. Unachoweza kufanya ni kuhakikisha ujuzi wako unauzika kwenye mlango zaidi ya mmoja. Aliyesoma jiofizikia kwa misingi yake anaweza kwenda kupima sakafu ya bahari kwa ajili ya mitambo ya upepo, kutafuta maji ya chini ya ardhi, au kuingia kwenye madini, kisha akarudi soko likitulia.

Sasa jina la kozi. Vyuo vingi vimebadilisha majina katika miaka ya karibuni, kwingine masomo yamebadilika kweli, kwingine kilichobadilika ni bango la mlangoni. Usisome ukurasa wa utangulizi. Omba orodha ya mada za tasnifu za wahitimu wa miaka miwili mitatu iliyopita, na uliza data zilitoka wapi. Ukiona wanafunzi walipewa ujazo mzima wa data za mitetemo, visima kadhaa, na msimamizi kutoka kwenye tasnia, hapo pana kazi. Ukiona tasnifu nyingi ni mapitio ya maandiko, pita. Uliza pia kama wanakwenda uwandani kuona miamba iliyojitokeza juu. Kuna watu wanaona safari hizo ni za kizamani kwa kuwa kila kitu kiko kwenye skrini. Mimi naziona za lazima, maana ukisimama mbele ya mwamba wa mita 40 ukajua kwamba wote ule ungekuwa mstari mmoja kwenye mitetemo yako, unaanza kuchora ramani kwa adabu.

Muda wa kozi ni jambo watu wanalichukulia kirahisi. Uingereza uzamili wa kufundishwa huwa ni mwaka mmoja, kwenye nchi nyingine za Ulaya miwili, na Marekani mara nyingi miwili pamoja na tasnifu. Mwaka mmoja unaokoa gharama na muda, na ni mzuri kwa mtu ambaye tayari yumo kazini na anajua anachokifuata. Ubaya wake ni huu: kampuni kubwa hufungua maombi ya mafunzo kazini kati ya Septemba na Novemba, wakati wewe ndio kwanza umefika, hujui hata maktaba iko wapi, na wasifu wako hauna kitu kipya. Tena miezi ya kiangazi, ambayo wenzako wa miaka miwili wanaitumia kwenye kampuni, wewe unaandika tasnifu. Ukichagua mwaka mmoja, basi andaa maombi yako ya kazi kabla ya kupanda ndege, na umwombe msimamizi tasnifu ifanyike pamoja na kampuni. Ukitaka miaka miwili na jiofizikia ya nguvu, uangalie uzamili wa pamoja wa Delft, ETH Zürich na RWTH Aachen, ambao unakupitisha kwenye vyuo vyote vitatu. Kama ni jotoardhi, kuna mafunzo ya miezi sita ya Iceland yaliyoanza mwaka 1979 na sasa yako chini ya GRÓ, kituo cha Iceland cha mafunzo kwa nchi zinazoendelea. Hayo huyapati kwa kuomba mwenyewe, hupendekezwa na taasisi unayofanyia kazi, na baadhi ya wanaoyamaliza hupata ufadhili wa uzamili hapo hapo.

Mahali popote utakapokwenda, uliza kama chuo kinapeleka timu kwenye shindano la Imperial Barrel linaloendeshwa na AAPG, chama cha wanajiolojia wa petroli chenye makao Marekani. Timu ya wanafunzi hupewa data za eneo halisi kwa wiki chache, ikatafsiri, kisha ikatetea mapendekezo yake mbele ya jopo la watu wa tasnia. Ni usaili mgumu kuliko wengi utakaokutana nao.

Hesabu hazikwepeki, lakini huenda hazikutishi kwa kiwango unachodhani. Hakuna atakayekutaka uthibitishe nadharia. Unahitaji logariti, kalkulasi ya msingi, takwimu za kutosha kuelewa kwamba jibu ni wigo na si namba moja, na ujasiri wa kujaribu fomula kwa vipimo halisi. Hii hapa ya kuanzia. Uwazi wa vitundu vya mchanga hukadiriwa kutoka kwenye logi ya densiti (uzito kwa ujazo): toa densiti iliyosomwa kwenye densiti ya punje za mwamba, kisha gawanya kwa tofauti ya densiti ya punje na ya umajimaji. Kwa mchanga wa kwatsi punje ni gramu 2.65 kwa sentimita moja ya ujazo, maji ni 1.0. Logi ikisoma 2.32, unapata 0.33 gawanya kwa 1.65, yaani asilimia 20. Hapo ni darasa la sekondari. Ujuzi unaanza unapojiuliza: je, ndani ya vitundu ni maji kweli? Kama ni gesi, densiti imeshuka kwa sababu ya gesi, nawe umeshaupandisha uwazi kuliko ulivyo. Kisha unaingia kwenye fomula ya Archie ya 1942 kukadiria maji yaliyobaki, na kosa la kwanza linasafiri hadi kwenye mapipa ya mwisho. Ukiweza kulifuata kosa hilo kwa kalamu, hesabu unazo za kutosha.

Jifunze Python pia, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kiasi cha kusoma logi, kuchora na kurudia hesabu mara elfu ukibadilisha vipimo. Kozi zinazojitangaza kwa akili mnemba zisikuchanganye. Kufundisha mashine kutambua mipasuko kunamfaa anayejua mpasuko unaonekanaje, na wewe unayeshika miamba kwa mikono kila siku umeshatangulia hapo.

Uzamivu? Ulaya ni miaka mitatu hadi minne, Marekani mara nyingi mitano au zaidi, na kwa kawaida unalipwa posho. Unafaa kama kuna swali linalokukosesha usingizi, au unalenga maabara na vitengo vya utaalamu wa ndani kama upigaji picha wa mitetemo au fizikia ya miamba. Kwa kazi ya kutafsiri uliyoniambia, uzamili unatosha, na miaka minne ya ziada ukiwa kazini itakufundisha mengi ambayo chuo hakina. Anayeingia kwenye uzamivu ili kulikwepa soko baya huwa anatoka akiwa na miaka zaidi, ubobezi mwembamba zaidi, na soko ambalo huenda ni baya vile vile.

Kabla hujalipa ada yoyote ya maombi, fanya hivi. Mwaka 2018 Equinor, kampuni ya mafuta ya Norwei, ilitoa hadharani data za uwanja wa Volve, uliozalisha mafuta kati ya 2008 na 2016: mitetemo, logi, ripoti za kuchoronga, hadi takwimu za uzalishaji. Pakua kisima kimoja. Tafuta ripoti za vipande vya mwamba za kila siku, ambazo ndizo kazi yako ya sasa, uziweke kando ya logi, na ujaribu kueleza kwa kurasa mbili ni wapi mwamba wa hifadhi unaanza, uwazi wake ni kiasi gani, na ni wapi huna hakika. Kwa kutazama mitetemo, programu ya OpendTect ina toleo la bure. Jioni za wiki chache zitakuonyesha kama unaipenda kazi hii au unaipenda kwa mbali tu.

Kurasa hizo mbili zifanye kiini cha barua yako ya maombi, na barua ya mapendekezo umwombe mwanajiolojia mkuu wa mtambo wako anayeona unavyoeleza mwamba usiku wa manane. Mwombe mapema, kwa maandishi, ukimwambatishia hizo kurasa, maana watu wa mtambo wakishaondoka kwa zamu hawapatikani kirahisi.